Mikono ya Amu

Mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili wa zama zetu alikuwa mwoka mikate. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ambaye Lamu nzima humwita Ustadh Mau, alizaliwa kisiwani humo mwaka 1952, na kwa miaka mingi aliishi kwa kazi tatu zilizokwenda pamoja: alisimamia tanuri la mikate, aliwasalisha watu katika Msikiti wa Pwani, na alitunga mashairi. Mwaka 1974, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, alitunga Wasiya wa Mabanati, nasaha kwa wasichana wanaoingia utu uzima. Utungo huo haukungoja mchapishaji. Ulighaniwa, ukatiwa kwenye kaseti, kaseti zikaazimwa na kunakiliwa nyumba hadi nyumba, mpaka watu ambao hawajapata kushika kitabu cha ushairi wakaujua kwa kuusikia jikoni. Ilikuwa 2023 ndipo kampuni ya Brill ya Uholanzi ilipotoa kitabu kikubwa cha tungo zake, kilichohaririwa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke. Kwa watu wa mji wake kitabu hicho kilikuwa heshima, lakini hakikuwajulisha jambo geni. Walikuwa wamekwisha kuzila tungo zake pamoja na mikate yake kwa karibu miaka hamsini.

Naanza na Ustadh Mau kwa sababu maisha yake yanaonyesha jinsi Lamu, au Amu kama wenyewe waitavyo, ilivyo mji wa sanaa. Mtu anayekwenda kutafuta kumbi za maonyesho na watu wanaojitambulisha kwa jina la wasanii atawapata wachache, wengi wao upande wa kijiji cha Shela. Sanaa ya Amu imekaa ndani ya kazi za kila siku. Iko kwenye duka la seremala, kwenye baraza la msikiti, kwenye ukumbi wa harusi ya wanawake, kwenye mchanga wa Matondoni ambako vyombo hujengwa. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi kati ya 1927 na 2017, alitunga utenzi mzima, Sambo ya Kiwandeo, kueleza jinsi jahazi linavyoundwa, kipande kwa kipande, kwa majina yaleyale wanayoyatumia mafundi. Zein l'Abdin, mpiga udi aliyezaliwa Lamu mwaka 1939 na kuwa mmoja wa mabingwa wa taarabu ya Mombasa, aliimba mashairi ya Nabhany. Fundi wa chombo, mshairi na mwimbaji walikuwa wakizungumza lugha moja ya kazi, na kila mmoja aliijua kazi ya mwenzake vya kutosha kuisifu au kuikosoa. Nadhani hapo ndipo penye nguvu ya mji mdogo. Fundi anahukumiwa na watu wanaojua, na watu hao anakutana nao msikitini mara tano kwa siku.

Ukitaka kuona jinsi kazi na uzuri zinavyofungamana, angalia nyumba. Nyumba ya mawe ya Amu hufuata urefu wa mti. Boriti, yaani mti wa mkoko uliokatwa na kukaushwa, haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ikipita urefu wa mita tatu hivi. Kwa hiyo vyumba vyote ni virefu na vyembamba, na vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kuanzia kiwanda, yaani ua ulio wazi juu: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, kila kimoja kikiwa kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Kadiri unavyoingia, ndivyo mwanga unavyopungua na ndivyo ukuta unavyozidi kupambwa, hadi kufika kwenye zidaka, safu kwa safu za vijishubaka vya plasta ambamo mama mwenye nyumba huweka vyombo vyake vya kaure. Waliojenga hivyo hawakuwa na la kufanya juu ya urefu wa boriti. Walikuwa na la kufanya juu ya ukuta, na huko ndiko walikoutumia ustadi wao wote.

Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraq aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alizipima nyumba hizi miaka ya 1970 na kuandika kuhusu mji huu kama mfano kamili wa mji wa Kiswahili. Kazi ya watu kama yeye ilisaidia kuufikisha mji wa kale, hekta 16 hivi tu, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Lakini sheria ya urithi hulinda ukuta uliokwisha kujengwa. Ukuta huo hauendelei kusimama bila watu, na watu wenyewe hawatajwi kwenye cheti.

Jiwe huanzia kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo wa bahari. Katika kijiji cha Maweni wachimbaji hukata matofali ya mawe ya matumbawe kwa mikono, juani, na wengi wao si wenyeji wa pwani hata kidogo. Ni Wakenya wa bara waliofuata kazi. Mashua huyavusha matofali hadi ufukweni, kisha punda huyachukua, kwa kuwa vichochoro vya Mkomani, mji wa kale wa mawe, viliachwa kwa upana wa mnyama mwenye mzigo na mtu wa kumpisha. Mchunga punda ni mjenzi kama mwashi. Asipofika, ukuta hausogei. Tangu 1987 mji una hospitali ya punda inayotibu bila malipo, na kuna mashindano ya kumtunuku mwenye punda aliyetunzwa vizuri zaidi. Sijui mji mwingine katika pwani hii unaompa mchukuzi wake heshima ya namna hiyo mbele ya watu. Chokaa nayo ina watu wake. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, huchomwa, kisha unga wake humwagiwa maji na kuachwa upoe na ukomae. Saruji hukauka upesi na ni rahisi kuipata dukani, lakini ukuta wa matumbawe uliopakwa saruji hushindwa kupumua, chumvi na unyevu hubaki ndani, na baada ya miaka michache plasta hubanduka pamoja na nakshi zake. Kila mwenye nyumba anayechagua saruji kwa kubana matumizi anamnyima kazi mchoma chokaa, na mchoma chokaa akishaacha kazi, hata mwenye nyumba mwenye pesa hatampata.

Mbele ya nyumba kuna mlango, na mlango ndio uliowafanya mafundi wa Amu wajulikane kote. Madirisha ya zamani hayakufunguliwa upande wa njia. Ukuta wa nje ulikuwa mtupu kabisa, na fahari yote ya nyumba ilikusanywa kwenye mbao za mlango. Kizingiti cha juu hubeba maua, na mara nyingine aya ya Kurani. Mfaa, ule mti wa katikati ambao mbao mbili huupigia, huchongwa kuanzia juu hadi chini. Fundi huchora nakshi kwa penseli, kisha hukata kwa patasi ndogo na kinyundo, akiutoa usuli ili ua libaki limeinuka. Kuna mkono wa mji wa Siyu na wa Wabajuni wenye michoro ya pembe na duara iliyokatwa kwa kina kidogo, na kuna mkono wa Lamu wenyewe wenye majani yanayofuatana. Mtu aliyekulia kazini hutazama mlango na kusema umetoka kwa nani, au angalau umetoka kwa mwanafunzi wa nani.

Mtoto huanza kwa kufagia maranda. Kisha hunoa patasi. Baada ya muda, ambao hutegemea macho yake kuliko umri wake, fundi humpa kipande cha mbao kisicho na thamani na mstari mmoja wa kukata, na anapokosea hupewa kipande kingine. Hakuna anayemweleza sana. Anaangalia. Wengi wa wachongaji waliobaki walifundishwa na baba, mjomba au babu, na ukoo wa Skanda ndio unaotajwa zaidi. Abdalla Ali Skanda alikuwa mchongaji aliyeheshimiwa, na mwanawe Ali Abdalla Skanda, ambaye nitamrudia, aliongeza ujenzi wa vyombo juu ya uchongaji.

Tatizo la kwanza la mchongaji ni mbao. Mbambakofi ndio mti unaopendwa, mgumu, mwekundu, usioogopa mchwa wala chumvi. Umekuwa adimu na bei yake imepanda. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakataji mikoko wa Lamu, watu ambao babu zao waliuza boriti hadi Arabuni na Ghuba, walijikuta ghafla bila kazi. Nia ya kuilinda misitu ilikuwa njema, na misitu ilikuwa imeumizwa kweli. Hata hivyo mkoko wa Lamu ulikuwa umekatwa kwa ajili ya nyumba kwa karne nyingi na bado kaunti hiyo ndiyo iliyobaki na sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya. Mtu anayetegemea mti kwa riziki ya wajukuu wake ana sababu ya kuulinda ambayo amri kutoka mbali haina.

Tatizo la pili ni mnunuzi. Wageni walionunua na kukarabati nyumba za Shela na Mkomani tangu miaka ya 1990 walileta kazi nyingi, na ni haki kusema hivyo: milango iliagizwa, zidaka zilikatwa upya, waashi wazee waliitwa kutoka nyumbani kuwaonyesha vijana. Pia walipandisha bei ya nyumba hadi watoto wa wenye mji wakashindwa kununua katika mitaa waliyozaliwa. Fundi akawa anachonga milango mizuri zaidi ya maisha yake kwa nyumba ambazo hukaa zimefungwa sehemu kubwa ya mwaka, huku yeye mwenyewe akirudi jioni kwenye nyumba yenye mlango wa chuma.

Hata hivyo milango huonekana na hupigwa picha. Kuna kazi za Amu ambazo mpita njia haoni, kwa kuwa hufanywa na wanawake nyuma ya milango hiyo. Kofia ya vito ndiyo ninayoistaajabia zaidi. Kitambaa cheupe huchorwa ruwaza, kisha mshonaji huanza kutoboa na kuzungushia uzi kila tundu, mamia kwa mamia, pande la juu peke yake na ukanda wa pembeni peke yake, hadi mwisho viunganishwe. Kazi ya mkono iliyo safi huchukua mwezi na zaidi, kwa kuwa hushonwa baada ya kupika, baada ya watoto kulala, katika saa zilizobaki. Mara nyingi aliyechora si aliyeshona, na aliyeshona siye anayeuza. Mwanamume anayetoka na kofia hiyo Ijumaa amevaa kichwani jioni nyingi za mwanamke ambaye hatamjua. Kofia za mashine zimejaa sokoni kwa bei ndogo, lakini kwa arusi na kwa Maulidi bado mtu anayejiheshimu hutafuta ya mkono, na wazee hupitisha kidole juu ya matundu kuthibitisha.

Arusi ndiyo huwaajiri wanawake wengi zaidi. Kuna anayetia hina, kuna anayefuma asumini na rehani kuwa vikuba na mashada, kuna anayetunga nyimbo za kumpongeza bibi arusi na kumtania mama mkwe, kuna wasimamizi wa sufuria za pilau, na kuna somo, yule mwanamke mtu mzima anayemfunza mwari mambo ya ndoa. Kazi zote hizi hulipwa, mara nyingine kwa pesa, mara nyingine kwa deni la heshima ambalo litalipwa mtoto wa mwenye kazi atakapoolewa. Ustadi wa mtia hina hudumu wiki mbili ukafutika. Hakuna jumba la makumbusho linaloweza kuuhifadhi, na ndiyo maana lazima afunze mwingine.

Si kila mtu katika mji huu aliruhusiwa kuumba vitu na kusifiwa. Mji wa kale wa mawe, Mkomani, ulikuwa na koo za kiungwana zilizojiona wenye elimu, dini na adabu, na waliobaki, wakiwemo wazao wa watumwa, wahamiaji na maskini wa mtaa wa Langoni, walihesabiwa kuwa watu wa kutumikia. Mwishoni mwa karne ya 19 alifika Habib Saleh, sharifu kutoka Ngazija, akakaa miongoni mwa watu hao. Aliwafundisha Kurani na elimu ya dini bila kuuliza asili zao. Akaingiza kisomo cha Maulidi ya al-Habshi kilichosomwa kwa matari na nai, na wapo waliokasirika kusikia ngoma karibu na msikiti. Riyadha, msikiti na chuo alichoanzisha, umekuwa tangu wakati huo mahali pa kusomea kwa wanafunzi kutoka pwani yote, na baada ya kufariki kwake mwaka 1935 wazao wake wameuendeleza.

Leo, katika Mfungo Sita, maelfu huja kwa Maulidi ya Lamu kutoka Mombasa, Tana, Unguja, Ngazija na mbali zaidi. Wazee wa goma husimama safu kwa safu wakiinua bakora zao polepole, vijana hucheza kirumbizi, zefe hupita njiani, na nyumba ambazo kawaida hulala watu sita hulaza ishirini. Kwa wiki hiyo fundi cherehani, mshona kofia, muuza halua, mwoka mkate wa mofa na nahodha wa mashua hupata mapato ambayo hutegemewa mwaka mzima. Sanaa zinazoonekana kuwa za zamani sana huko Lamu, zile ambazo mgeni huzipiga picha akidhani zimekuwepo tangu mji uanze, kwa sehemu kubwa zilikuzwa na watu waliokuwa wamezuiwa kukaa safu ya mbele. Hili linanigusa kuliko umri wa kuta.

Matondoni iko upande wa magharibi wa kisiwa, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Hapo chombo hujengwa bila ramani ya karatasi. Fundi hulaza mkuku, husimamisha gubeti mbele na fashini nyuma, kisha huanza kupanda mbao na kutafuta mataruma, zile mbavu ambazo huchaguliwa mtini zikiwa tayari zimepinda kwa kimo kinachotakiwa. Tezo hulainisha, keekee hutoboa, pamba yenye mafuta hushindiliwa kwenye maungio, na chini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Siku ya kukishua chombo, kijiji kizima huvuta kamba kwa nyimbo. Sasa vyombo vinavyoshuliwa ni vichache. Barabara ya lami kutoka Garsen hadi Mokowe imechukua shehena iliyokuwa ya majahazi, na wavuvi wengi wanataka boti ya faiba yenye mashine. Fundi wa Matondoni sasa hujenga mashua ya kutembeza watalii, au hukarabati.

Hapa namrudia Ali Skanda. Mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa mafundi waliopeleka kazi za mikono za Kenya kwenye tamasha la Smithsonian Folklife mjini Washington. Miaka michache baadaye alikubali jambo ambalo mafundi wengine waliona ni upuuzi: kujenga dau kwa plastiki iliyookotwa. Mradi wa Flipflopi, ulioanzishwa na Ben Morison, ulikusanya tani za taka za plastiki kutoka fukwe na mitaa, zikayeyushwa na kumiminwa kuwa mbao na mbavu, na mwili wa chombo ukavishwa vipande vya rangi rangi vya ndara zilizookotwa. Plastiki haipindi kama mti na haishiki msumari kama mti, hivyo Skanda na wenzake walilazimika kubuni upya maungio waliyokuwa wakiyafanya bila kufikiri tangu utotoni. Chombo kilishuliwa Lamu Septemba 2018, na mapema 2019 kikasafiri kilomita 500 hadi Unguja. Waliokishangilia walisifu usafi wa bahari, na walistahili. Mimi nasifu kitu kingine: mtu aliyefunzwa kwa kuangalia tu, bila chuo cha uhandisi, alipewa malighafi ambayo babu zake hawakuijua na akaifanya ielee.

Mji huu umejaribiwa. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na hoteli zikafungwa. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, upande wa bara wa kaunti, kafyu ikafuata na uvuvi wa usiku ukazuiwa. Kisha ugonjwa wa korona. Kila mara aliyeumia kwanza ni yule aliyekuwa akiuza kwa wageni peke yao, mwenye mashua ya machweo, mchoraji wa matanga makuukuu, muuza vikasha vya nakshi. Mshona kofia aliendelea, kwa kuwa Maulidi ilirudi. Mtia hina aliendelea, kwa kuwa watu walioana. Mwoka mikate hakusimama hata siku moja.

Sasa katika ghuba ya Manda, upande wa bara, kuna bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Wavuvi walikwenda mahakamani kudai fidia ya maeneo yao, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Wapo pia waliopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, hadi mahakama ya mazingira ikafuta kibali chake Juni 2019. Vijana wa Amu wanaitazama bandari na kuuliza kazi. Wengine wamenunua pikipiki. Siwezi kuwalaumu, maana mwanafunzi wa fundi hukaa muda mrefu bila malipo, na siku hizi nyumbani hakuna anayeweza kumsubiri.

Kwa hiyo pesa za kulinda urithi, zile zinazotoka serikalini na zile za wafadhili, ningependa zipelekwe kwanza kwa wanunuzi wa karibu. Kaunti ya Lamu hujenga shule, zahanati na ofisi kila mwaka, na karibu zote huwekewa milango ya chuma au mbao za kiwandani. Ziagizwe kwa mafundi wa Langoni. Misikiti ya pwani nzima inayofanyiwa ukarabati inunue mimbari na milango Amu. Bandari ina majengo ya kupokea watu. Yapakwe chokaa ya kuchomwa, na meza zake zichongwe Lamu. Fundi mwenye oda kumi za uhakika kwa mwaka anaweza kumlipa mwanafunzi wake tangu mwezi wa kwanza anapofagia maranda.